Tusome nini ili kuielewa China?

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa kikundi chetu cha usomaji alipata ufadhili wa kwenda kusoma uhandisi nchini China. Tulifurahi sana. Wazee walimwombea, akina mama walimfungia karanga na unga wa ulezi, na sisi tunaosimamia maktaba tulimpa kile tulichokuwa nacho. Tulikuwa na kitabu kimoja tu kuhusu China, kilichokuja ndani ya sanduku la vitabu vya msaada. Jalada lake lilikuwa limeng'oka pamoja na kurasa za mwanzo. Kwa muda wa majuma sita tulikaa naye kila Alhamisi jioni, tukisoma na kumfafanulia.

Baada ya miezi mitatu alituandikia. Kwanza alitusalimu kwa heshima kama ilivyo desturi yake, kisha akatueleza kwamba China tuliyomfundisha hakuikuta. Siku moja darasani aliulizwa anajua nini kuhusu nchi ile. Akasimama na kueleza jinsi wakulima wa China wanavyolima pamoja katika makomuni na kula pamoja katika bwalo la kijiji. Wenzake walicheka. Mwalimu alitabasamu na kumwambia kwa upole kwamba hiyo ilikuwa China ya bibi yake. Kijana wetu alikaa muda mrefu bila kunyoosha mkono tena darasani.

Barua ile ilituumiza. Kitabu hakikuwa cha uongo. Mabwalo yale ya vijijini yalikuwepo kweli, kuanzia mwaka 1958, na makomuni yenyewe yalivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kosa lilikuwa letu. Tulimpa kijana kitabu kimoja bila kujua kiliandikwa lini, na nani, wala kwa nini.

Tangu hapo tumejifunza kuchagua vitabu kwa uangalifu zaidi. Katika makala haya tunawashirikisha wasomaji wetu yale tuliyojifunza. Tunatumaini yatawasaidia walimu, viongozi wa vikundi, wasimamizi wa maktaba ndogo na yeyote anayetaka kuielewa China vizuri zaidi.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

China ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Wafanyabiashara wetu wanakwenda Guangzhou na Yiwu kununua bidhaa. Vijana wetu wanasoma huko. Wakandarasi wa Kichina wanajenga barabara na madaraja katika wilaya zetu, na maduka yao yako katika miji yetu. Hata hivyo, mengi tunayosema juu yao tumeyapata kwa uvumi. Wapo wanaowasifu kupita kiasi, na wapo wanaowasingizia mambo ambayo hakuna aliyeyaona kwa macho. Maandiko yanatukataza kumshuhudia jirani uongo. Ni vigumu kulitii agizo hilo ikiwa hatumjui jirani mwenyewe.

Vitabu havichukui nafasi ya kukutana na watu, lakini vinatusaidia kuuliza maswali mazuri zaidi tunapokutana nao.

Anza na swali

Watu wengi hutuuliza, "Ni kitabu gani kizuri kuhusu China?" Sisi huwajibu kwa swali: "Unataka kujua nini?" Mama anayesafiri kwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza ana haja tofauti na mwalimu wa historia. Mchungaji ambaye kambi ya wajenzi wa barabara iko karibu na kanisa lake ana haja nyingine tena.

Tumeona ni vyema kugawa vitabu katika mafungu matatu:

- Vitabu vya historia vinaeleza nchi ilikotoka.
- Vitabu vya safari vinaeleza kile ambacho mgeni alikiona alipopita.
- Vitabu vya jamii vinaeleza jinsi watu wa kawaida wanavyoishi, wanavyofanya kazi, wanavyooana na wanavyoabudu.

Kila fungu lina faida yake na hatari yake. Ukiweza, soma angalau kitabu kimoja kutoka kila fungu.

Vitabu vya historia

Wachina wameandika historia yao kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mwanahistoria wao mashuhuri wa kale ni Sima Qian, aliyeishi wakati wa nasaba ya Han. Alimtetea jemadari mmoja aliyeshindwa vitani, na kaizari akakasirika. Sima Qian alikubali adhabu ya kuhasiwa badala ya kufa, kwa sababu alitaka kuimaliza kazi aliyoachiwa na baba yake. Kazi hiyo ina sura 130 na inasomwa hadi leo. Tunamtaja ili tukumbuke kwamba kuandika historia kunaweza kumgharimu mtu.

Baadaye ikawa desturi kwamba kila nasaba mpya inaandika historia ya nasaba iliyoanguka. Ni rahisi kuona hatari yake. Aliyeshinda ana sababu ya kumwonyesha aliyeshindwa kuwa mbaya, hasa kaizari wake wa mwisho. Kwa hiyo, hata vitabu vya kale vinahitaji kusomwa kwa makini.

Kwa anayeanza, tunapendekeza kitabu chenye picha na ramani. The Cambridge Illustrated History of China cha Patricia Ebrey kilitoka mwaka 1996 na kimetolewa tena baadaye. Kinaeleza chakula, familia na ufundi pamoja na mambo ya wafalme. Kwa anayetaka kuelewa miaka 400 ya karibuni, The Search for Modern China cha Jonathan Spence, kilichotoka mwaka 1990, ni kinene lakini kinasomeka kama hadithi. China: A New History cha John King Fairbank kilitoka mwaka 1992, baada ya mwandishi kufariki. Matoleo ya baadaye yaliongezewa sura na Merle Goldman. Ukikikuta katika duka la vitabu vya mitumba, angalia ni toleo lipi, kwa sababu la kwanza halina sura hizo.

Kabla ya kusoma, andika orodha hii fupi kwenye karatasi na uiweke ndani ya kitabu. Itakuepusha na kupotea njiani:

- Qin, 221–206 KK: kaizari wa kwanza anaunganisha nchi.
- Han, 206 KK–220 BK
- Tang, 618–907
- Song, 960–1279
- Yuan, 1271–1368: utawala wa Wamongolia.
- Ming, 1368–1644
- Qing, 1644–1912: utawala wa Wamanchu.
- Jamhuri ya China, kuanzia 1912. Mwaka 1949 serikali yake ilihamia Taiwan.
- Jamhuri ya Watu wa China, kuanzia 1949. Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa mwaka 1966 hadi 1976, na mageuzi ya uchumi yalianza mwaka 1978.

Wanahistoria wanapotofautiana

Mfano mmoja unaonyesha kwa nini kitabu kimoja hakitoshi. Kati ya mwaka 1959 na 1961 China ilipatwa na njaa kubwa sana. Viongozi walikuwa wamewalazimisha wakulima kuingia katika makomuni, na maofisa wa ngazi za chini walitoa taarifa za mavuno yasiyokuwepo. Serikali ikachukua nafaka kulingana na taarifa hizo, na vijiji vikabaki bila chakula.

Yang Jisheng alikuwa mwandishi wa shirika la habari la serikali. Baba yake alikufa kwa njaa mwaka 1959. Wakati ule kijana huyo aliamini kwamba ni msiba wa nyumba yao tu. Miaka mingi baadaye alichimbua kumbukumbu za mikoa mbalimbali na kuandika kitabu kiitwacho Tombstone, yaani Jiwe la Kaburi. Kilichapishwa Hong Kong mwaka 2008, na hakikuruhusiwa China bara. Yeye anakadiria waliokufa kuwa milioni 36. Frank Dikötter, katika Mao's Great Famine cha mwaka 2010, anasema ni milioni 45 au zaidi. Wataalamu wengine wanatoa idadi ndogo kuliko hizo.

Msomaji afanye nini? Asichague namba inayompendeza. Aangalie kila mwandishi alihesabu vipi na alitumia kumbukumbu zipi. Pia atambue kwamba wote hao wanakubaliana juu ya jambo kuu: mamilioni ya watu walikufa, na maamuzi ya viongozi yalichangia sana. Hapo ndipo somo lilipo kwa sisi tunaofanya kazi za maendeleo. Taarifa ya uongo juu ya mavuno inaweza kuua.

Vitabu vya safari

Vitabu vya safari vinapendwa kwa sababu ni vyepesi kusoma. Lakini mgeni huona yale aliyoonyeshwa, na mara nyingi hukosa lugha. Ni muhimu kujua alikaa muda gani na alizungumza na nani.

Marco Polo wa Venice alisafiri kati ya mwaka 1271 na 1295. Hakuandika kitabu chake kwa mkono wake. Alimsimulia Rustichello, mtunzi wa hadithi, walipokuwa wamefungwa pamoja gerezani Genoa. Mwaka 1995 Frances Wood aliandika kitabu cha kuhoji kama Polo alifika China kweli, kwani hataji chai, wala Ukuta Mkuu, wala desturi ya kufunga miguu ya wanawake. Wengi walimjibu. Walieleza kwamba sehemu kubwa ya ukuta tunaouona leo ilijengwa wakati wa nasaba ya Ming, baada ya Polo kufariki. Mwaka 2013 Hans Ulrich Vogel alionyesha kwamba maelezo ya Polo kuhusu pesa za karatasi na chumvi yanalingana na kumbukumbu za Wachina wenyewe. Tunajifunza kwamba msafiri kutotaja kitu si ushahidi kwamba hakufika.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, Ibn Battuta ana nafasi ya pekee. Alifika Kilwa mwaka 1331. Katika miaka ya 1340 alifika bandari ya Quanzhou, ambayo yeye aliiita Zaitun. Alisifu vyombo vya kaure na usalama wa msafiri njiani. Alieleza jinsi wageni walivyoandikwa majina katika nyumba za kulala. Naye pia alisimulia tu, na mwandishi wake Ibn Juzayy akaandika. Baadhi ya wataalamu wana shaka kama alifika hadi Beijing. Hata hivyo, ni jambo la kufurahisha kusoma mtu aliyeiona Kilwa na China kwa macho yake.

Upande wa pili wa safari hizo yupo Ma Huan, Mwislamu wa Kichina aliyekuwa mkalimani katika misafara ya Zheng He. Merikebu za Zheng He zilisafiri mara saba kati ya mwaka 1405 na 1433, na baadhi zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa kwa kaizari. Ma Huan anaeleza bei, mavazi, vyakula na dini za bandari alizozitembelea. Mwenzake Fei Xin anaeleza Mogadishu na Barawa. Hapa tunaona kwamba nasi tuliwahi kuandikwa na wageni, na tunaweza kupima jinsi inavyokuwa.

Lakini jihadhari. Mwaka 2002 Gavin Menzies alitoa kitabu kilichodai kwamba merikebu hizo zilifika Marekani mwaka 1421. Kiliuzwa sana duniani kote. Wanahistoria walikichunguza na kukikataa, kwa sababu hakina ushahidi wa kutegemewa. Kitabu kuuzwa sana si dalili ya ukweli. Safari za kweli za Zheng He zinatosha kumshangaza mtu bila kuongezewa chumvi. Katika lugha inayosomeka, When China Ruled the Seas cha Louise Levathes, cha mwaka 1994, ni mwanzo mzuri.

Kwa wakati wetu tunampendekeza Peter Hessler. Alifundisha Kiingereza katika mji wa Fuling, kando ya mto Yangtze, kuanzia mwaka 1996 hadi 1998. Alijifunza Kichina akiwa pale. Katika River Town, kilichotoka mwaka 2001, anasimulia makosa yake mwenyewe, jinsi alivyochekwa na jinsi alivyokasirika bure. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi katika kijiji kisicho chake atajiona humo.

Vitabu vya jamii

Hapa ndipo kijana wetu alipohitaji msaada zaidi. Alijua mwaka ambao kaizari wa mwisho aliondoka, lakini hakujua familia ya Kichina inaishi vipi.

Riwaya zinaweza kusaidia kuliko tunavyodhani. Lu Xun, aliyeishi mwaka 1881 hadi 1936, aliacha masomo ya udaktari kwa sababu aliona watu wake wanahitaji kuponywa fikra kwanza. Hadithi zake fupi zinawasema Wachina wenzake kwa ukali na kwa uchungu. Pearl Buck, binti wa wamisionari wa Kimarekani, alikulia China tangu akiwa mtoto mchanga. Riwaya yake The Good Earth, ya mwaka 1931, ni habari za mkulima na mkewe, ardhi yao, njaa na utajiri. Tulipoisimulia katika kikundi, mzee mmoja alisema mkulima yule ni jirani yake kabisa. Lakini tukumbuke kwamba ni China ya karibu karne moja iliyopita.

Wild Swans cha Jung Chang, cha mwaka 1991, kinaeleza vizazi vitatu vya wanawake wa familia moja. Bibi alikuwa suria wa mbabe wa vita, mama alikuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, na mwandishi mwenyewe alikulia katika Mapinduzi ya Utamaduni. Kinagusa moyo sana. Hata hivyo ni ushuhuda wa familia moja, na familia hiyo ilikuwa ya viongozi. Mwanamke wa kijijini angesimulia mengine.

Factory Girls cha Leslie Chang, cha mwaka 2008, kinafuata wasichana waliotoka vijijini kwenda viwandani Dongguan. Kukielewa, ni vizuri kujua utaratibu wa uandikishaji wa makazi uliowekwa mwaka 1958. Kila mtu huandikishwa kuwa wa mahali fulani. Anayehamia mjini kutafuta kazi anaweza kukosa huduma za mji ule, na watoto wake wanaweza kushindwa kupata shule ya serikali. Ndiyo maana watoto wengi hubaki kijijini na babu na bibi. Wasomaji wetu walielewa jambo hili haraka, maana watoto wanaolelewa na bibi wapo katika kila kitongoji chetu.

Kuhusu dini, The Souls of China cha Ian Johnson, cha mwaka 2017, kinaeleza jinsi Ubuddha, Utao na Ukristo vilivyofufuka baada ya Mapinduzi ya Utamaduni. Wengi wetu tulidhani Ukristo uliingia China juzi tu. Jiwe lililochongwa mwaka 781, ambalo lipo Xi'an, linaeleza kwamba mhubiri aitwaye Alopen alifika mwaka 635. Lakini angalia mwaka wa kitabu hiki pia: kanuni mpya na kali zaidi za serikali kuhusu dini zilianza kutumika Februari 2018, baada ya kitabu kutoka.

Tuongeze neno juu ya vitabu na barua za wamisionari wa zamani, kwa kuwa maktaba za makanisa zina vingi. Vina habari nyingi za vijiji ambazo hazipatikani kwingine. Lakini vingi viliandikwa ili watu wa nyumbani waguswe na kutoa sadaka. Mwandishi alikuwa na sababu ya kuonyesha giza kuwa nene kuliko lilivyokuwa. Sisi tunaoandika majarida kama hili tunakifahamu kishawishi hicho.

China na sisi

Wapo wanaotaka kusoma hasa juu ya China na Afrika. The Star Raft cha Philip Snow, cha mwaka 1988, kinaanzia safari za kale. Africa's Freedom Railway cha Jamie Monson, cha mwaka 2009, kinahusu reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ambayo ilikabidhiwa mwaka 1976. Uzuri wa kitabu hicho ni kwamba kinawasikiliza pia wakulima na wachuuzi walioishi kando ya reli.

Kwa miaka ya karibuni, soma viwili kwa pamoja: The Dragon's Gift cha Deborah Brautigam, cha mwaka 2009, na China's Second Continent cha Howard French, cha mwaka 2014. Wa kwanza anapima takwimu na kupinga uvumi mwingi. Wa pili anakaa na Wachina waliohamia Afrika na kuwasikiliza wakisema, na ana wasiwasi zaidi. Ukisoma mmoja tu utatoka na nusu ya picha.

Majina yasikuchanganye

Wasomaji wengi huacha kitabu kwa sababu ya majina. Mambo matatu yatakusaidia:

- Jina la ukoo hutangulia. Mao Zedong ni wa ukoo wa Mao. Lakini waandishi wanaoishi nje, kama Jung Chang, mara nyingi huliweka mwisho.
- Tahajia ilibadilika. Vitabu vya zamani vinaandika Peking, Canton, Mao Tse-tung na Chou En-lai. Vipya vinaandika Beijing, Guangzhou, Mao Zedong na Zhou Enlai. Ni walewale.
- Baadhi ya herufi husomwa tofauti. Q inakaribia "ch", x inakaribia "sh", na zh inakaribia "j". Kwa hiyo nasaba ya Qing husomwa "Ching".

Maswali ya kujiuliza kabla ya kununua

Fedha zetu ni chache. Kabla ya kulipa, shika kitabu mkononi na ujiulize:

1. Kilichapishwa mwaka gani? Angalia nyuma ya ukurasa wa jina. Kwa mfano, kitabu kinachosema kila familia ya mjini inaruhusiwa mtoto mmoja kiliandikwa kabla ya sheria hiyo kuondolewa. Tangu 2016 watoto wawili waliruhusiwa, na tangu 2021 watatu.
2. Mwandishi ni nani, na aliishi China muda gani?
3. Je, anajua Kichina, au alitegemea mkalimani?
4. Anaeleza alikopata habari zake? Kitabu cha historia kisicho na maelezo hayo kisomwe kwa tahadhari.
5. Anazungumzia sehemu gani? Mkulima wa Sichuan na mfanyabiashara wa Shanghai wanaishi maisha tofauti.
6. Nani alikitoa, na alitaka tuamini nini? Swali hili linahusu vitabu vya serikali ya China, na pia vitabu vya wapinzani wake.
7. Je, kina ramani na faharasa?

Kama vitabu ni vichache

Vitabu vingi tulivyovitaja viko kwa Kiingereza. Katika kikundi chetu, anayeelewa Kiingereza husoma sura moja nyumbani, kisha huisimulia kwa Kiswahili. Wengine huuliza maswali, na yale yasiyojibika huandikwa ubaoni. Idhaa ya Kiswahili ya redio ya China ilianza mwaka 1961. Tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, ilionyeshwa na TBC mwaka 2011. Hivi navyo vinafaa kwa mazungumzo, mradi tukumbuke kuuliza swali la sita hapo juu.

Mwandishi Yu Hua, katika China in Ten Words, anasimulia jinsi alivyokua wakati vitabu vingi vilikuwa vimepigwa marufuku. Vile alivyovipata vilikuwa vimechanika, na kurasa za mwisho hazikuwepo. Usiku alilala akijitungia miisho ya hadithi zile. Tulipomsoma tulikumbuka kitabu chetu kisicho na jalada. Sisi nasi tulijitungia China iliyobaki, tofauti ni kwamba tulimpa mtu mwingine aende nayo.

Kijana wetu alihitimu na akarudi. Siku aliyokuja maktaba alileta vitabu vinne, na ndani ya kila kimoja alikuwa ameandika kwa penseli mwaka wa kuchapishwa na jina la mji unaosimuliwa. Kile cha zamani hakukitaka kitupwe. Alikitafutia mwaka wake, akakibandikia jalada la karatasi ngumu na kuandika juu yake: "China ya bibi." Bado kipo rafuni, na bado tunakiazimisha.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Tunajua nini kuhusu Wachina wanaoishi au kufanya kazi karibu nasi? Tulijua vipi?
- Je, kuna kitabu katika maktaba au kanisa letu kinachoeleza nchi nyingine jinsi ilivyokuwa zamani? Tunawezaje kukitumia bila kupotosha?
- Kama mgeni angeandika kitabu juu ya kijiji chetu baada ya kukaa siku tatu, angekosa kuona nini?
- Waandishi wawili wanapotofautiana juu ya jambo moja, tunapimaje nani wa kumwamini?
- Ni nani katika kikundi chetu anaweza kusoma sura na kuisimulia kwa wengine? Tuanze lini?